Fidia ya kesi si samaki aliye kapuni

Wahenga walituonya tusikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Methali hiyo imekuwa ikinirudia akilini tangu jioni moja hapa Kisumu, tulipokutana wanachama 18 wa chama chetu cha kuweka akiba. Sote ni walimu. Baadhi yetu wangali wanashika chaki, na wengine, mimi nikiwamo, tumekwisha kustaafu. Siku hiyo hatukukutana kuhesabu michango wala kugawa mikopo ya karo. Tulikuwa tumeombwa tumsikilize fundi mmoja wa taa.

Fundi huyo tunamfahamu vyema. Kwa miaka mingi ametengeneza taa za kuvulia dagaa, ambao huku kwetu huitwa omena. Msomaji aliyewahi kusimama Dunga usiku wa kiza, mwezi ukiwa haujachomoza, ameona jinsi ziwa linavyogeuka mji wa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa zilizowekwa juu ya vyelezo; siku hizi nyingi hutumia betri na nguvu za jua. Fundi wetu alibuni chelezo kinachoibeba taa na betri yake pasipo maji kuingia, hata ziwa linapochafuka. Kisha, kwa maelezo yake, kampuni moja ya mbali ilikiiga chelezo hicho na kuanza kukiuza kutoka Usenge hadi Mbita.

"Walimu wangu," alituambia, "mimi sikuja kuomba. Nimekuja kuwauzia sehemu ya haki yangu. Wakili anaidai kampuni ile shilingi milioni 200. Nipeni 600,000 za kuendesha kesi, nami nitawaandikia asilimia 10 ya fidia yote."

Kila mwalimu chumbani alipiga hesabu kimoyomoyo. Asilimia 10 ya milioni 200 ni milioni 20. Laki sita zizae milioni 20! Hakuna ng'ombe, shamba wala hati ya dhamana ya serikali iliyowahi kuzaa namna hiyo. Nikaona macho ya wenzangu yakimeta kama taa za Dunga. Baadaye nikaja kujua kwamba mmoja wetu, rafiki yangu wa miaka mingi, hakungoja hata kikao: alikuwa amekwisha kumpa fundi shilingi 150,000 kutoka katika malipo yake ya kustaafu.

Naandika haya si kwa nia ya kumcheka rafiki yangu, wala kumvunjia fundi heshima. Huenda kweli ameibiwa. Naandika kwa sababu swali lililowekwa mbele yetu ni swali halali la elimu, nalo lina njia ya kujibiwa: je, mtu anayetaka kuweka fedha katika madai ya hataza atakadiriaje kiasi atakachopata?

Tuanze na hataza yenyewe. Hii ni haki ya pekee ambayo dola humpa mvumbuzi kwa muda maalumu ili mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Kenya haikuwa na mfumo wake yenyewe wa kutoa hataza hadi sheria ya mwaka 1989; kabla ya hapo, mvumbuzi alipaswa kupata hataza Uingereza kwanza, kisha aisajili hapa. Sheria tunayoitumia sasa ni ya mwaka 2001, nayo husimamiwa na Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Muda wa hataza ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi, mradi ada ya kila mwaka ilipwe. Njia nyingine ni kupitia ARIPO, shirika la nchi kadhaa za Afrika lenye makao yake Harare.

Basi, mtu anapoonyeshwa tarakimu ya madai, swali la kwanza analopaswa kuuliza ni hili: hataza ipo, na je, ingali hai? Hili si swali la kupuuzwa. Mahakama zetu zinakumbuka madai ya kampuni ya Sanitam kuhusu pipa la taka linalofunguliwa kwa kukanyagwa, pipa lililokuwa na hataza ya ARIPO. Kesi yake dhidi ya Rentokil ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, ikaamuliwa mwaka 2006. Lakini safari haikuishia hapo. Katika mashauri mengine kuhusu pipa hilo hilo kulizuka ubishi juu ya ada za kila mwaka: je, zililipwa kwa wakati, au hataza ilikuwa imekwisha kufa? Mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ya mvumbuzi nayo yaweza kupotea kwa ada ndogo isiyolipwa.

Swali la pili: je, hataza hiyo itastahimili mashambulizi? Anayeshtakiwa kwa kuvunja hataza aghalabu hasemi tu, "Sikuiga." Husema pia, "Hataza yako haikustahili kutolewa hata kidogo, kwa kuwa kitu hicho kilikuwa kikijulikana kabla yako." Akishinda kwa hoja hiyo, mdai hupoteza kesi na hataza yenyewe.

Wapo matajiri wa dunia walioliona hilo kwa macho yao. Kule Marekani, Desemba 2016, baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba kampuni ya Gilead ilipe dola bilioni 2.54 kwa kuvunja hataza ya Idenix, kampuni ambayo Merck ilikuwa imeinunua, kuhusu dawa za kutibu homa ya ini aina ya C. Magazeti yalitangaza fidia kubwa ajabu. Mwezi Februari 2018 jaji akaamua kwamba hataza hiyo ilikuwa batili, na uamuzi wake ukathibitishwa katika rufani. Bilioni zile zikayeyuka kama umande. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Abbott iliamriwa kuilipa Centocor dola bilioni 1.67, mwaka 2011 mahakama ya rufani ikaifuta amri hiyo. Aliyenunua hisa asubuhi ya hukumu ya kwanza akidhani samaki amekwisha kuingia kapuni alijifunza kwamba samaki alikuwa bado yumo majini.

Sisemi kwamba kesi za namna hii hazishindwi na wadai. Hapa kwetu, mwaka 2008, Jopo la Mali ya Viwanda liliipa Pfizer ushindi dhidi ya Cosmos katika shauri la dawa ya azithromycin, lililofunguliwa mwaka 2006. Haki hupatikana. Lakini tofauti kati ya kushinda na kutajirika ni kubwa, na tofauti hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye swali la tatu: hasara halisi ni kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Tarakimu iliyoandikwa kwenye hati ya madai ni matumaini ya mdai. Haijapimwa na mtu yeyote. Mfano mashuhuri ni wa Polaroid na Kodak. Polaroid ilishtaki mwaka 1976 kuhusu kamera za picha za papo hapo. Ilishinda, na katika hatua ya kupima hasara ikadai dola bilioni 12. Mwaka 1990 jaji aliipa dola milioni 909, na mwaka uliofuata pande hizo mbili zikamaliza shauri kwa dola milioni 925. Ni fedha nyingi mno, bila shaka. Lakini ukizilinganisha na madai, ni kama senti 8 kwa kila shilingi iliyodaiwa, baada ya miaka 15 ya kungoja. Na huyo ni mdai aliyeshinda!

Mahakama hupimaje hasara? Kwa jumla huangalia mambo mawili. La kwanza ni faida ambayo mvumbuzi angeipata mwenyewe kama asingeingiliwa. La pili, kwa bidhaa ambazo mvumbuzi hangeweza kuziuza, ni ada ya haki ambayo mwigaji angelipa kama angeomba ruhusa. Tena sheria yetu ni kali kuhusu hasara maalumu: sharti itajwe kwa tarakimu na ithibitishwe kwa ushahidi. Asiye na daftari la mauzo, risiti wala hesabu za benki husimama mbele ya jaji akiwa na malalamiko matupu.

Hebu basi tumpimie fundi wetu kwa ukarimu. Makadirio haya ni ya kwetu sisi chamani, tuliyoyafanya ubaoni kama tulivyozoea. Tukubali kwamba kampuni ile imeuza vyelezo 20,000 kwa shilingi 2,500 kila kimoja, ingawa hakuna aliyetuonyesha ushahidi. Karakana ya fundi hutengeneza vyelezo 40 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni 1,440. Tukimpa faida ya shilingi 600 kwa kila kimoja, amepoteza shilingi 864,000. Vyelezo 18,560 vilivyosalia hangeweza kuvitengeneza, hivyo tunampa ada ya asilimia 5 ya bei, yaani shilingi 125 kwa kila kimoja. Hiyo ni shilingi 2,320,000. Jumla inakuwa 3,184,000. Haya, tuwe wakarimu zaidi, tuseme milioni 4.

Ndugu msomaji, tumetoka milioni 200 hadi milioni 4, na bado hatujaingia mahakamani.

Sasa tuingie. Tuseme uwezekano wa hataza kustahimili ni nusu, na uwezekano wa kuthibitisha kwamba kampuni iliiga ni nusu. Nusu ya nusu ni robo. Tuseme uwezekano wa hukumu kunusurika katika rufani ni asilimia 80, na wa fedha kulipwa kweli ni asilimia 80 pia. Ukizidisha vyote, unapata asilimia 16. Asilimia 16 ya milioni 4 ni shilingi 640,000. Sehemu yetu, asilimia 10, ni shilingi 64,000. Na kwa kuwa fedha hizo huenda zikapatikana baada ya miaka sita, ilhali akiba yetu ingeweza kuzaa asilimia 10 kwa mwaka mahali pengine, thamani yake leo ni kama shilingi 36,000. Hizo ndizo tulizoombwa tuzinunue kwa shilingi 600,000.

Kuna jambo hapa ambalo ningependa walimu wa hisabati walizingatie. Mwanachama mmoja kijana, hodari wa namba, alirudia hesabu hiyo hiyo kwa uwezekano ule ule, lakini akaanza na milioni 200. Akapata kwamba sehemu yetu ina thamani ya shilingi milioni 1.8 leo, yaani mara tatu ya bei. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa katika namba aliyoanza nayo. Hii ndiyo hatari kubwa kwa watu wasomi kama sisi: mtu asiye na elimu hudanganywa na maneno matamu, lakini msomi hujidanganya mwenyewe kwa hesabu sahihi iliyojengwa juu ya tarakimu ambayo hakuichunguza. Tukipewa namba ya kwanza na anayetuuzia, uhodari wetu uliosalia humfanyia kazi yeye.

Swali la nne ni la gharama na mgawanyo. Fidia ikipatikana, wa kwanza kula ni nani? Kampuni ya VirnetX ya Marekani iliishtaki Apple mwaka 2010. Mwaka 2012 ikapata uamuzi wa dola milioni 368. Uamuzi ukafutwa, kesi ikarudiwa, na mwaka 2020 Apple ikalipa dola milioni 454. Kampuni ilikuwa na hisa kama milioni 70, kwa hivyo hesabu ya haraka ingesema kila hisa ilipata zaidi ya dola 6. Gawio maalumu walilopata wenye hisa mwaka huo lilikuwa dola 1 kwa hisa. Kuna mawakili wa kulipwa, kodi, na kampuni yenyewe iliyobaki na matumizi yake. Hukumu nyingine dhidi ya Apple, ya dola milioni 502.8, iliyotolewa mwaka huo huo wa 2020, ilitenguliwa mwaka 2023. Tena tusisahau kwamba kwa kawaida anayeshindwa huamriwa kulipa gharama za mshindi. Mizani hii ina pande mbili.

Swali la tano ndilo lililomnyamazisha hata yule kijana wa namba: je, sheria inaturuhusu kununua sehemu ya kesi ya mtu? Sheria yetu inayohusu mamlaka ya mahakama ilirithi kanuni za Uingereza jinsi zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Kanuni moja ya zama hizo inakataza mtu asiyehusika kugharimia kesi ya mwingine kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Waingereza wenyewe waliacha kuihesabu kuwa kosa mwaka 1967, lakini kufikia wakati huo sisi tulikuwa tumekwisha kujitegemea. Nayo Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inamkataza wakili kununua sehemu ya kesi ya mteja wake au kukubaliana alipwe iwapo tu kesi itashinda. Maana yake ni kwamba hata fundi akishinda, akalipwa, kisha akakataa kutugawia, yamkini mahakama itaitazama karatasi yetu na kuiona haina nguvu. Tungekuwa tumenunua ahadi, na ahadi hiyo haina mlinzi.

Tulipofika hapo, mwenyekiti wetu alimwomba fundi kwa upole atuonyeshe hati ya hataza. Akatoa bahashani stakabadhi. Ilikuwa ya kuwasilisha maombi miaka miwili iliyopita. Hataza yenyewe haijatolewa. Nikamwuliza kama kuna mahali alipokionyesha chelezo kabla ya hapo. Akajibu kwa fahari, "Naam, Mwalimu! Nilikionyesha katika maonyesho ya kilimo hapa Kisumu, watu wakakishangilia." Ilikuwa lini? Miaka mitatu kabla ya maombi. Moyo wangu uliniuma. Sheria humsamehe mvumbuzi aliyeonyesha kitu chake hadharani iwapo atawasilisha maombi katika muda wa miezi 12. Yeye aliacha miezi 36 ipite. Ile nusu tuliyompa ubaoni ilikuwa zawadi.

Mtu mwenye akili ya kurithisha vizazi alikuwa amepoteza haki yake siku ile ile alipopigiwa makofi. Hakuna aliyemwambia. Shule tuliyomfundisha ilimpa sayansi ya umeme na useremala wa kutosha kubuni chombo, lakini haikumpa saa moja ya kujua jinsi ya kukilinda.

Wapo wasomaji watakaosema, "Haya ni ya mafundi na vyama vidogo, mimi nina hisa zangu katika Soko la Hisa la Nairobi." Kanuni ni ile ile. Walimu wengi walinunua hisa za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5, na kila wanaposikia kampuni hiyo imeshtakiwa kwamba imeiga wazo la mtu, huingiwa na hofu. Kampuni hiyo ina hisa zaidi ya bilioni 40. Tuseme inadaiwa shilingi bilioni moja, ishindwe, na ilipe zote: kila hisa imepungukiwa na senti 2 na nusu. Kwa upande wa pili, mdai akiwa kampuni changa isiyo na mauzo mengine, kesi moja ndiyo roho yake. Kwa hivyo kabla ya kununua au kuuza kwa pupa, gawa kiasi kinachodaiwa kwa idadi ya hisa, kisha zidisha kwa uwezekano.

Chama chetu kilifanya nini? Hatukununua kesi. Tulimkopesha fundi shilingi 200,000, kwa maandishi na kwa riba ya kawaida ya wanachama, anunue vifaa vya vyelezo 100 ambavyo wavuvi walikuwa wamekwisha kuviagiza. Tulimwambia pia amwone wakili mwingine kuhusu kufuli mpya ya betri aliyoibuni hivi karibuni na ambayo hajamwonyesha mtu; huenda ikafaa kuombewa hataza, au ule ulinzi mdogo wa miaka 10 ambao sheria huwapa wenye maboresho ya namna hiyo. Safari hii tumemsihi asubiri makofi.

Rafiki yangu wa shilingi 150,000 hakufurahi. Aliniambia kwamba nimezoea kusahihisha kwa wino mwekundu hata ndoto za watu. Tangu siku hiyo salamu zetu zimepungua. Nimejiuliza kama nilipaswa kunyamaza. Lakini fedha ile ilikuwa karo ya mjukuu wake, na mwalimu anayeona jibu kosa akapitisha kwa kuogopa kununiwa, huyo si mwalimu.

Kwenu wanafunzi, hasa mlio katika vyuo vya ufundi na vyuo vikuu hapa Kisumu na Maseno: mkibuni kitu, pelekeni maombi kwanza, maonyesho baadaye; wekeni daftari la kila mnachouza; lipeni ada kila mwaka. Kwenu walimu wenzangu: mtu akija na kesi ya mamilioni, mwulizeni maswali matano. Hataza i hai? Itastahimili? Hasara ni kiasi gani kwa ushahidi? Nani atakula kwanza? Na je, sheria itanilinda? Akikosa jibu la moja tu, fungeni mkoba.

Ziwa letu limefundisha wavuvi somo hili tangu zamani. Hakuna mke wa mvuvi anayewasha moto kwa sababu ameona taa zikiwaka mbali majini. Husubiri alfajiri, mtumbwi ufike ufuoni, atazame ndani yake. Ndipo huteleka sufuria.